Kona Ndiyo Humpima Fundi

Ukitaka kumjua fundi wa makabati ya jikoni, usianze na milango. Milango huonekana na kila mgeni, kwa hiyo hata fundi mvivu huipiga msasa na kuipaka rangi mpaka ing'ae. Fungua kabati la kona. Chuchumaa, ingiza mkono mpaka begani, uone unakutana na nini. Katika makabati mengi utakuta sufuria iliyosahauliwa, mfuniko usio na mwenzake, na huko mwisho kabisa ubao ambao haukuguswa na randa wala rangi, kwa sababu aliyeuweka alijua hakuna atakayeufikia. Katika makabati machache utakuta kila kilichomo kinakuja mkononi bila taabu. Mafundi wa makabati hayo machache ndio ninaotaka kuwasifu hapa, maana kazi yao inadai akili nyingi na wengi wetu tunaipita bila kuitazama.

Tuanze na hesabu. Kabati la chini huwa na kina cha sentimita 60 hivi, kipimo kinachoendana na kaunta, sinki na jiko la gesi. Safu mbili za makabati zinapokutana kwenye pembe ya ukuta, panazaliwa mraba wa sentimita 60 kwa 60 usio na uso: pande mbili zimeegemea ukuta, na pande mbili nyingine zimezibwa na makabati jirani. Kimo cha ndani kikiwa sentimita 72, hiyo ni nafasi ya karibu lita 260, sawa na ndoo 13 za lita 20. Mwenye nyumba ameshalipia sakafu yake, kuta zake na kaunta iliyo juu yake. Kilichobaki ni njia ya kuifikia, na njia hiyo ndiyo kazi ya fundi.

Tatizo lenyewe si la zamani kwetu. Jiko la uani halikuwa na kona ya kumsumbua mtu: mafiga yalikaa chini, vyombo vikakaushwa kwenye kichanja, kinu na mbuzi ya nazi vikawekwa pembeni. Kona imekuja na jiko la ndani, lenye kaunta inayofuata kuta mbili kwa umbo la L au kuta tatu kwa umbo la U. Lakini akili ya kutafuta nafasi penye ufinyu tunayo tangu kale. Katika nyumba za mawe za Lamu, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, hivyo vyumba vikawa virefu na vyembamba. Mafundi wakaingia ndani ya unene wa ukuta, wakapanga zidaka safu juu ya safu, na vyombo vya kaure vikapata makazi bila kula hata shubiri moja ya sakafu. Fundi wa Keko, Dar es Salaam, au wa Gikomba, Nairobi, anapoumiza kichwa juu ya kona ya jikoni, anajibu swali lile lile la wazee wa Lamu.

Kazi huanza kabla ubao haujakatwa, na huanza ukutani. Mtazame fundi makini anavyoipima kona. Haamini macho. Anaweka alama ya penseli sentimita 60 kutoka pembeni kwenye ukuta mmoja, na sentimita 80 kwenye ukuta wa pili, halafu anavuta futi kamba kati ya alama hizo mbili. Ikisoma mita 1 kamili, kona ni pembe mraba. Ndiyo kanuni ya Pythagoras tuliyoikariri darasani, sasa iko mikononi mwa mtu anayepata mkate wake kwayo. Ikisoma sentimita 101 na nusu, kona imefunguka. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ukisukuma kabati lenye pembe sawasawa kwenye kona ya namna hiyo, mwisho wa kina chake cha sentimita 60 utabaki mwanya wa karibu sentimita 2. Hapo ndipo mende huhamia, na hapo ndipo maji ya kaunta huteremkia.

Kwa hiyo hapimi mara moja. Anapima karibu na sakafu, anapima usawa wa kaunta, anapima tena juu, kwa sababu lipu hujaa zaidi kwenye pembe na mara nyingi ukuta una tumbo. Anaweka pima maji sakafuni kuona inaelekea wapi. Akimaliza, ana mchoro unaoonesha kona ilivyo hasa, na ndio atakaoufuata anapokata. Asiyefanya hivyo hukata mbao kwa pembe ya kitabuni, kisha hushinda siku ya kufunga akichonga, akiziba na kupaka silikoni.

Kipimo cha pili ni cha vyombo, na hapa ndipo ninapowaheshimu zaidi mafundi wazuri. Wanauliza nini kitakaa humo. Jiko letu lina vitu ambavyo katalogi za ng'ambo hazivijui: masufuria makubwa ya shughuli, beseni, ndoo ya unga, chupa za chai, kinu, mbuzi. Kabati la kona lenye mlango wa sentimita 45 hutoa uwazi wa sentimita 40 hivi, ukitoa unene wa mbao za pembeni na nafasi ya bawaba. Sufuria ya pilau yenye upana wa sentimita 45 haitapita hapo bila kuinamishwa, hata ndani kukiwa na nafasi tele. Fundi aliyeomba kuoneshwa sufuria kubwa kuliko zote kabla ya kuchora mlango ameshaokoa kazi yake.

Baada ya hapo ndipo huja uamuzi wa namna ya kuifungua kona, na njia ziko kadhaa. Mojawapo inayopendwa sana ni trei za kuzunguka: mhimili unasimama katikati, trei mbili za duara zinauzunguka, na mpishi akisukuma kwa kidole, kilichokuwa nyuma kinakuja mbele. Njia hii ina gharama yake ya nafasi. Duara lililowekwa ndani ya mraba huchukua asilimia 78 hivi ya eneo, na zinazobaki kwenye pembe nne hupotea. Lakini asilimia 78 unazozifikia kila siku zina faida kuliko 100 usizozigusa. Ubora wa trei uko kwenye beringi na kwenye ukingo. Beringi ya chuma itazunguka kwa miaka ikiwa imebeba sufuria. Ya plastiki itaanza kulia na kukwama. Ukingo ukiwa mfupi, kikombe kitadondoka nyuma na kuzuia trei nzima, na kukitoa itabidi ufungue mhimili.

Njia ya pili ni trei za kuvuta, zenye umbo la figo, zinazotoka nje ya kabati moja baada ya nyingine mlango unapofunguliwa. Kampuni ya Kesseböhmer ya Ujerumani ndiyo iliyozipatia umaarufu zile ziitwazo LeMans. Ukizitazama zinavyotembea utaona ustadi wa aliyezibuni: trei haitoki moja kwa moja, inajipinda ikitoka ili ikwepe ubao wa pembeni, kisha inasimama nje kabisa mbele ya mpishi. Ni vifaa vya bei, na vinadai kabati lililojengwa kwa vipimo kamili. Ukikosea milimita chache, trei itakwaruza mlango kila siku.

Njia ya tatu ni droo za kona, ambazo uso wake umekunjwa kwa umbo la V. Ukivuta, kona nzima inakufuata. Hupoteza nafasi kidogo kila upande, lakini hakuna kinachojificha nyuma. Kuna pia mlango wa mshazari unaokata kona, unaofaa zaidi kwenye makabati ya juu, ambako kina ni sentimita 30 au 35 tu na mkono unafika kila mahali. Na kama upande mmoja wa kona unatazamana na sebule au chumba cha kulia bila ukuta kati yake, fundi mwenye macho hufungua mlango upande huo, na sahani za wageni zikakaa humo.

Ipo njia nyingine inayohitaji ukweli kuliko ufundi: kuifunga kona kabisa. Katika jiko dogo, kuziba ule mraba na kuweka droo pana kila upande huweza kumfaa mpishi kuliko kumlazimisha kutumia tundu lisilofikika. Fundi anayeweza kumwambia mteja hivyo, huku akijua kwamba trei za kuzunguka zingemwongezea malipo, anastahili kuaminiwa nyumba nzima.

Sasa sogea karibu zaidi, utazame mlango. Kabati la kona lenye umbo la L hufungwa kwa mlango wa vipande viwili vilivyounganishwa kwa bawaba, vikikutana kwa pembe mraba vinapofungwa na kukunjuka pamoja vinapofunguliwa. Bawaba ya kawaida hufunguka nyuzi 110 hivi. Hapa inatakiwa ile ya nyuzi 165 au zaidi, la sivyo mlango utasimama njiani. Kikombe cha bawaba hukaa kwenye tundu la kipenyo cha milimita 35, na kina chake ni milimita 12 hivi ndani ya ubao wa milimita 18. Fundi hubaki na milimita 6 tu za kuchezea. Drili ikishuka kupita kiasi, inatokeza uso wa mbele wa mlango na ubao umekwisha kazi. Mtazame anavyopunguza kasi mwishoni, anavyopuliza vumbi, anavyojaribisha kikombe kwa kidole kabla ya kukaza skrubu. Halafu huja kazi ya bisibisi: robo mzunguko mlango unapanda, robo nyingine unasogea kushoto, mpaka mstari kati ya vipande viwili unakuwa na upana mmoja kutoka juu hadi chini.

Kuna kipande kingine kidogo ambacho wengi hawakijui thamani yake. Ni ubao mwembamba unaosimama kwenye kona kati ya kabati na kabati, wa sentimita 5 mpaka 8. Kazi yake ni kuiachia nafasi mishikio. Bila kipande hicho, droo ya upande mmoja ikivutwa inagonga mshikio wa upande wa pili, na haitafunguka mpaka mwisho. Ubao huo ukiwa mahali pake, hakuna atakayeuliza unafanya nini pale. Usipokuwepo, jiko zima linakwaruzana.

Kona pia ni mahali pa maji, hasa ikiwa jirani na sinki. Ubao wa MDF ukinywa maji kwenye kingo zake huvimba na haurudi. Kwa hiyo fundi mzuri huziba kila ukingo, hata ule wa nyuma usioonekana, au hutumia plaiwudi ya marine ambayo gundi yake huhimili unyevu. Kabati lote hulinyanyua juu ya miguu ili maji ya kudeki yasilifikie. Mwenye uwezo akitaka mbao halisi, fundi atamshauri mninga kwa fremu za milango, kwa sababu mninga ukishakauka vizuri hausinyai wala hauvimbi sana, na mchwa hawaupendi.

Na kuna jambo ambalo fundi mwenye dhamiri hulikataa. Watu wengi hutaka mtungi wa gesi usukumwe kwenye kona, kwa kuwa ni nafasi ya bure. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, inatuama chini ya kabati lililofungwa ikisubiri cheche. Mtungi unafaa kukaa nje, na ukilazimika kuwa ndani ya kabati, basi pawe na matundu chini ya kupitisha hewa kwenda nje, na valvu iwe mahali mkono unafika haraka. Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, gesi ikiwemo, mwaka 2024, ukilenga asilimia 80 ya watu waitumie ifikapo 2034. Mitungi itakayoingia majikoni ni mingi, na mafundi wa makabati ndio watakaoamua ikae wapi.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Fundi wa kona anajitahidi kumwondolea mpishi sharti hilo. Bibi mwenye magoti yanayouma, mama mwenye mtoto mgongoni, kijana aliyechelewa kazini na anatafuta sufuria ya chai, wote wanapata walichokitaka wakiwa wamesimama. Wakishapata, hawamkumbuki fundi, wala hawana sababu ya kumkumbuka. Hiyo ndiyo kazi iliyokamilika.

Basi utakapomwita fundi nyumbani kwako, toa vyombo vyako vyote vikubwa uviweke mezani avione. Muulize ataifanyia nini kona, na umpe muda wa kupima tena na tena bila kumharakisha. Usimkatie bei ya bawaba na beringi, kwa sababu hizo ndizo zitakazobeba kazi ya kila siku. Na ukimpata fundi anayeizungumzia kona kabla wewe hujaitaja, mpe kazi.