Majani Ambayo van Helmont Hakuyapima

Jaribio la mwerebi wa Jan Baptist van Helmont wasomaji wa safu hii wamelijua tangu darasani, na kwa hiyo sitalisimulia toka mwanzo. Nitasimama mahali pamoja tu, pale ambapo tabibu yule wa Brussels, baada ya miaka mitano ya subira ambayo wengi wetu tusingeiweza, aliandika kwamba uzito wa majani yaliyoanguka katika majira manne ya kupukutika hakuutia katika hesabu. Aliyataja hayo kwa wepesi, wala hakuona haja ya kutoa udhuru. Kwa rai yangu hapo ndipo jaribio lote lilipoharibika, na hukumu yake mashuhuri, iliyochapishwa mwaka 1648 yeye akiwa amekwisha kufa, kwamba ratili 164 za mti, gome na mizizi zilitokana na maji peke yake, ni tunda la dharau hiyo moja.

Kazi iliyobaki ilionekana safi: udongo ratili 200 uliokaushwa katika tanuri na kutiwa chunguni, chipukizi la mwerebi la ratili tano lililopandwa humo, maji ya mvua au yaliyokenekwa, kifuniko cha chuma kilichopakwa bati kuzuia vumbi. Nampa haki yake, tuendelee.

Watetezi wake, ambao hawakosekani, husema kwamba majani yale lau yangepimwa yangeiongeza tu jumla, na hukumu ingebaki vile vile. Hujja hii nimeisikia mara nyingi na haijapata kunitosha. Sikusema kwamba jumla ingepungua. Nasema kwamba aliyekusudia kujua mti umeumbwa kwa nini, kisha akakiacha nje ya mizani kiungo ambacho mti wenyewe hukiumba upya kila mwaka kwa gharama kubwa, amekwisha kuamua kwamba kiungo hicho ni takataka, na uamuzi huo hakuutolea ushahidi wowote. Mara nne mwerebi ule ulivaa na mara nne ukavua, mbele ya macho yake, na mara zote nne mwenye mizani alikuwa akiutazama udongo.

Na litazameni umbo la kitu kilichodharauliwa. Jani ni pana ili lipokee nuru, na ni jembamba ili hewa isiwe na safari ndefu ndani yake; nje limepakwa nta inayozuia maji yasipotee ovyo; chini ya ngozi ya juu zimesimama seli ndefu zilizobanana, zimejaa umbijani, na chini ya hizo ziko seli nyingine zilizoachana, zenye nafasi tupu baina yao, ambazo mwanafunzi mvivu hudhani ni ujenzi mbovu ilhali nafasi hizo ndizo njia za hewa. Kisha kuna stomata, yaani vitundu vidogo, mamia katika milimita moja mraba, aghalabu nyingi zaidi upande wa chini, kila moja ikilindwa na seli mbili ambazo zikijaa maji hupindana na kufungua tundu, na zikinywea hulifumba. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni, na kaboni hiyo, karibu yote, iliingia ikiwa hewa ya ukaa kwa kupitia vitundu hivyo. Van Helmont alikuwa mfano wa mwenye duka anayeulizwa mali yake imeingilia wapi, naye akahesabu kuta, sakafu na dari, mlango akauruka.

Nitaambiwa kwamba hakuwa na hadubini ya kufaa, na kwamba umbo la jani halikuchunguzwa vema mpaka akina Malpighi na Grew walipokuja baadaye katika karne ile ile. Sawa, lakini mizani alikuwa nayo, na moto alikuwa nao. Mtu huyu huyu alichoma ratili 62 za makaa ya mwaloni, akapata jivu la ratili moja, na zile 61 zilizotoweka akazipa jina la gesi, neno ambalo hata leo twalitumia jikoni. Mwenye kujua kwamba kuni hutoa gesi kwa wingi namna hiyo alikuwa hatua moja tu kutoka kuuliza kama gesi hiyo haikuwa imeingia mtini kwanza, na majani makavu ya miaka minne, yaliyotiwa motoni mbele yake, yangemsukuma hatua hiyo. La hasha; yeye alikuwa amekwisha kuitakidi kwamba maji ndiyo asili ya vitu, gesi nayo ikiwamo, na mwenye itikadi ya namna hiyo haoni sababu ya kuokota majani.

Hapa sharti nirudie jambo nililolisema zamani na ambalo sitachoka kulisema: vitabu vya shule zetu humsifu van Helmont kwa kupima, kisha huleta mchoro wa jani lililokatwa, wenye mishale na tarakimu, mtoto akautia rangi ya kijani, akafaulu mtihani, na ukimwuliza mbao za mwembe ulio nje ya darasa zimetoka wapi, hukujibu kwa yakini kwamba zimetoka ardhini. Usanisinuru anaujua kwa ghaibu. Kwamba ule mwembe aghalabu ni hewa na maji vilivyogandishwa kwa nuru, hilo hakuna aliyemwambia. Na kila asubuhi chini ya mwembe huo huo majani hufagiliwa, yakachomwa.

Mwenye kutaka kuona kazi hii ilivyopaswa kufanywa na amtazame Stephen Hales, kasisi wa Teddington, na alizeti yake ya mwaka 1724. Van Helmont alifunika chungu chake kwa kifuniko chenye matundu mengi, hata maji yakawa yanaweza kupotea kupitia udongo pasi na kujulikana. Hales alikifunika chake kwa bamba la risasi na kuziba viungo vyote, akawa anakipima asubuhi na jioni. Kisha akayakata majani yote, akayagawa mafungu matano kwa ukubwa, akalaza juu ya jani moja la kila fungu wavu wa nyuzi wenye miraba midogo ya robo inchi, na akapata eneo la inchi za mraba 5,616, pamoja na mvuke wa ratili moja na robo, kwa wastani, katika mchana mmoja. Huyo ndiye fundi. Katika kitabu chake cha 1727 alidhani, kwa haki, kwamba mimea huvuta sehemu ya chakula chake hewani kwa majani, na aliyafikia hayo kwa kuwa aliona jani linastahili kupimwa. Hata kabla ya van Helmont, Santorio wa Padua alikuwa amekwisha kuonyesha, kwa mwili wake mwenyewe aliokaa nao juu ya mizani, kwamba kinachotoka hupimwa kama kinachoingia.

Na maji yenyewe, yaliyopewa utukufu wote, hakuyapima. Kiasi alichomwagilia kwa miaka mitano hakukiandika popote. John Woodward, aliyeikuza nanaa yake katika maji ya namna mbalimbali na kutoa habari zake mwaka 1699, aliyapima, akakuta kwamba sehemu kubwa mno ya maji hupita mmeani na kutoka nje, na kwamba yale yaliyotiwa udongo huukuza zaidi kuliko yaliyo safi.

Ziko pia wakia mbili zilizopungua udongo ulipokaushwa na kupimwa tena mwishoni, ambazo van Helmont alizitaja tu bila kuzieleza. Kuni za ratili mia, hata zikiwa za mti laini, huacha jivu la kuzidi wakia mbili, na majani huacha zaidi kwa kila ratili. Chumvi hizo zilitoka wapi, ikiwa udongo ulibaki karibu mzima na maji yalikuwa safi? Ama udongo haukukaushwa sawasawa mara ya pili, ama mizani ilikosea.

Insafu yanilazimisha niongeze kwamba maji nayo yamo mtini. Nicolas-Théodore de Saussure wa Geneva, aliyeifungia mimea katika vyombo vya kioo na kuihesabu hewa iliyoingia na iliyotoka, alionyesha mwaka 1804 kwamba mmea huongezeka uzito kupita kaboni iliyouingia, na ziada hiyo akaihesabu kuwa ni maji. Ndiyo kusema nusu ya hukumu ya van Helmont ilikuwa kweli. Lakini walioithibitisha walianzia kwenye jani, na kwa hiyo sifa ya nusu hiyo naiandika kwa jina la de Saussure.