Vibarua wa Damu

Albert Barillé alitaka watoto waione damu ikiwa kazini. Kwa macho matupu damu ni maji mekundu tu, na ukiiweka chini ya hadubini unaona visahani vinavyoelea, visivyo na uso wala haraka. Mfaransa huyo alikuwa ameshatengeneza katuni za historia ya binadamu mwaka 1978 na za anga za juu mwaka 1982. Safari hii akavipa visahani miguu, mikono na domo la kulalamikia kazi. Hiyo ndiyo Il était une fois... la vie, vipindi 26 vilivyoanza kuonyeshwa mwaka 1987, muziki ukiwa wa Michel Legrand.

Ndani yake, chembe nyekundu ni kama makuli wa bandarini. Hupakia mapovu ya oksijeni mapafuni, huyabeba mgongoni hadi kwenye misuli, huyashusha, kisha hurudi na shehena ya kabonidioksidi, miili yao ikiwa imegeuka buluu. Njiani mzee wao hujibu maswali ya vijana. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, basi mkongwe huyo, kwa hesabu zetu, hata nusu mwaka hajafikisha!

Anayechora mambo kama haya hana budi kudanganya kidogo. Ufundi wake uko katika kuchagua uongo wenyewe. Damu haiwi buluu hata siku moja. Ikipungukiwa na oksijeni huwa nyekundu iliyokolea. Tena sehemu kubwa ya kabonidioksidi haipandi mgongoni mwa chembe yoyote, bali husafiri katika majimaji ya damu ikiwa imegeuzwa bikaboneti. Mwalimu wa baiolojia atakunja uso. Mimi namwachia Barillé, kwa sababu njia hakuighushi: upande wa kulia wa moyo, mapafu, upande wa kushoto, kisha mwili mzima. Mtoto aliyemfuata kuli mmoja mzunguko mzima hahitaji kukariri mchoro wa mishale ubaoni, na rangi ya buluu inamwambia papo hapo nani ameshashusha mzigo.

Kamera ina heshima yake pia. Mwaka 1998 BBC ilitoa The Human Body, mtangazaji akiwa daktari Robert Winston, na kipindi cha mwisho kikaandamana na mgonjwa wa saratani hadi alipokata roho. Kwa jambo hilo katuni ingekaa kando.

Kinachonikera kwa Barillé ni polisi. Seli nyeupe zinafanya doria, bakteria na virusi ni majambazi wenye sura mbaya, na limfosaiti zinaruka angani zikiangusha kingamwili mithili ya wadudu. Inasisimua, lakini utumbo wetu umejaa bakteria wanaotusaidia kusaga chakula, na ulinzi wa mwili wakati mwingine humpiga mwenye nyumba. Barillé alifariki mwaka 2009. Atakayeishika kalamu yake aanzie hapo: achore polisi anayevamia kongosho na kuziua seli zinazotengeneza insulini, kama inavyotokea katika kisukari cha aina ya kwanza, na mtoto aelewe kwamba askari yule kamfananisha raia na jambazi.