Msaada Unaoumiza, na Sisi Tunaoupokea

Mwaka 2009 Wamarekani wawili, Steve Corbett na Brian Fikkert, walitoa kitabu kiitwacho When Helping Hurts. Wanafundisha kwamba umaskini si kukosa mali tu, bali ni kuharibika kwa uhusiano wetu na Mungu, na nafsi zetu, na wenzetu, na uumbaji. Kwa hiyo wanazionya safari fupi za misioni: mgeni akifanya kazi ambayo wenyeji wanaiweza, huwaacha wakijiona duni kuliko alivyowakuta.

Tunakubali. Tumeona darasa la kwanza likiacha kusoma ili liwaimbie wageni. Tumeona vijana kutoka mbali wakipaka rangi ukuta wa shule, na mafundi wa usharika wamekaa chini ya mwembe wakitazama.

Lakini kitabu hiki kinazungumza zaidi na mtoaji, na sisi wapokeaji tumo kama watendewa tu. Je, ni nani aliyesimamisha masomo? Si mgeni. Ni sisi wachungaji na wazee wa kanisa, tukiogopa kwamba tukisema watoto wana mtihani, rafiki hatarudi mwakani.

Katika Wagalatia 6 Paulo anatutaka tuchukuliane mizigo, na papo hapo anasema kila mtu ana mzigo wake. Wetu ni kumwambia mgeni kweli kwa upendo. Akija, na aketi kwanza nyuma ya darasa, amsikilize mwalimu wetu. Kisha aulize tunahitaji nini, nasi tumjibu bila woga.