Mwamba Ngoma Huvutia Kwake: Usimulizi na Kimya katika "Heart of Darkness" ya Joseph Conrad

Ni wachache miongoni mwa waandishi wa riwaya wa Kiingereza wa kipindi cha usasa waliozusha mabishano katika vyuo vya Afrika kama alivyozusha Joseph Conrad (1857–1924). Chinua Achebe, katika mhadhara alioutoa Marekani mwaka 1975, alimhukumu kuwa ni mbaguzi wa rangi aliyeifanya Afrika nzima kuwa pazia tu la msiba wa Mzungu mmoja. Kwa upande mwingine, Ngũgĩ wa Thiong'o alimsoma Conrad kwa makini alipokuwa mwanafunzi wa Makerere, na wahakiki wamekwisha kuonyesha athari ya "Under Western Eyes" (1911) katika "A Grain of Wheat" (1967). Mabishano hayo yameendeshwa zaidi kwa Kiingereza. Limebaki swali moja: msomaji wa Kiswahili, ambaye lugha yake ilikuwa ikisemwa pale pale inapotendeka hadithi hiyo, aisomeje?

Yafaa kuanza na fani. "Heart of Darkness", iliyotoka kwanza katika jarida mwaka 1899 na kuingia kitabuni mwaka 1902, ni hadithi ndani ya hadithi. Baharia Marlow anasimulia usiku, katika chombo kilichotia nanga mtoni Thames, huku wenzake wakingoja maji yageuke. Mpangilio huu si mgeni kwa mtu wa Mombasa. Katika baraza za nyumba za Majengo, ambako wenyeji wa kisiwani, Wamijikenda na watu wa bara wamejengeana ukuta kwa ukuta, habari za safari husimuliwa vivyo hivyo, jioni, kwa watu wanaojuana. Lakini ipo tofauti kubwa. Msimulizi wa barazani hukatizwa. Huulizwa: ni nani huyo, mtoto wa nani, alisema nini? Marlow hukatizwa mara chache mno, na hapana hata mmoja wa wasikilizaji wake anayeuliza jina la Mwafrika yeyote. Baraza ya Conrad ni ya watu wa tabaka moja: mkurugenzi, mwanasheria, mhasibu.

Ubora wa usanii wake haukanushiki. Conrad hutanguliza kile jicho linachokiona, kisha huchelewesha maana yake. Chombo kinaposhambuliwa mtoni, Marlow huona kwanza vijiti vidogo vikiruka hewani, na baadaye tu hutambua kuwa ni mishale. Kwa mbinu hii msomaji hujionea mwenyewe jinsi akili ya mgeni inavyobabaika. Ila mbinu hiyo hiyo ndiyo inayoficha. Anayeona vijiti pasipo kuwaona warushaji hapaswi kuuliza kwa nini wanarusha. Nao Waafrika wa hadithi hii hupewa maneno mara mbili tu, tena ya Kiingereza kilichovunjika.

Hapo ndipo historia inapotoa ushahidi. Mwaka 1890 Conrad alipanda mto Kongo kwa meli iitwayo Roi des Belges, akafika Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, mwezi wa Septemba. Kituo hicho ndicho wahakiki wengi wanachokifananisha na kituo cha Kurtz. Kumbe tangu mwaka 1887 liwali wa hapo, kwa mkataba na Mfalme Leopold wa Pili, alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, mtu wa Unguja. Pembe za ndovu za Manyema zilikuwa zimekwisha kupita miaka mingi kwa miguu kutoka Nyangwe na Kasongo hadi Ujiji, Tabora na pwani, kabla Wabelgiji hawajazigeuzia njia ya mtoni. Kiswahili kilikuwa kikisemwa hapo, na hata leo kingali kikisemwa. Katika hadithi ya Conrad, Wazanzibari hutajwa mara moja tu, nao ni askari wasio na jina wa msafara wa Mzungu mmoja. Hawasemi neno.

Haiwezekani kudai kuwa mwandishi hakuwajua watu wa namna hiyo. Katika "Almayer's Folly" (1895) na "An Outcast of the Islands" (1896), ambazo mandhari yake ni visiwa vya Wamalayu, yumo Sayyid Abdulla, tajiri Mwarabu mwenye merikebu, akili na hila, anayewashinda Wazungu kwa biashara. Kwa nini basi Abdulla wa mashariki anasema, na wa Kongo akafutwa? Jibu limo katika mahitaji ya fani. Giza la Conrad lahitaji utupu. Lau Marlow angekuta mwisho wa mto watu wanaosoma Kurani, wanaopanda mpunga na kuandikiana hati za deni, safari yake isingekuwa ya kurudi mwanzo wa dunia. Ingekuwa safari ya kuingia katika soko la watu wengine.

Hata hivyo, mhakiki wa pwani asiharakishe kushangilia kosa la mwenzake. Kimya hicho kimewanyima Waswahili sauti, lakini pia kimewasitiri. Wafanyabiashara wa misafara waliuza watu pamoja na pembe. "Maisha" ya Tippu Tip, yaliyochapishwa kwa Kiswahili Berlin mwaka 1902 na 1903, ni nathari iliyo fasaha mno. Lakini atafutaye humo sauti ya mpagazi au ya mateka atarudi mikono mitupu, kama atakavyorudi kwa Marlow. Mwamba ngoma huvutia kwake, awe ameiwamba London au Unguja.

Aliyelitambua hilo kwa ukamilifu ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Riwaya yake "Paradise" (1994), ambayo Ida Hadjivayanis ameifasiri kwa jina la "Peponi" (2022), yaelekea bara kama ya Conrad. Lakini imezitumia pia "Safari za Wasuaheli", zilizokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901, na mhusika wake mkuu ni Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la babake. Gurnah hamjibu Conrad kwa kumtukuza mwenye msafara. Anamjibu kwa kumweka katikati yule ambaye wote wawili, Conrad na Tippu Tip, walimpita njiani.

Ikiwa hivyo ndivyo, kumwondoa Conrad katika mitaala hakutoshi, wala kumfundisha peke yake hakufai. Hapana budi "Heart of Darkness" isomwe pamoja na "Maisha" na "Peponi", kwa Kiswahili, katika idara za Kiswahili. Ushahidi wa lugha na wa historia uko katika idara hizo. Kazi ya mhakiki ni kuuliza swali la barazani ambalo wasikilizaji wa Marlow hawakuliuliza: ni nani huyo, na alisema nini?