Lele ya Ribosomu

Mwanzo wa ngoma ni lele, na katika seli zetu lele hiyo ni metionini, asidi amino inayoanzisha protini. Nimefundisha baiolojia miaka mingi, na kila nikifika kwenye ribosomu, mtambo wa seli unaounda protini, hutamani kengele ichelewe.

Ubaoni huandika: UJI UNA TUI. Maneno matatu, kila moja herufi tatu. Kisha namwambia mwanafunzi aruke herufi ya kwanza, aendelee kusoma tatu tatu. Anapata JIU NAT UI. Uji hakuna tena, wala tui. Ujumbe wa RNA nao husomwa tatu tatu, bila nafasi kati ya neno na neno. Ukikosea pa kuanzia, protini yote imeharibika.

Ribosomu inalijua hilo, ndiyo maana haianzi kazi ikiwa nzima. Vipande vyake viwili hukaa mbalimbali. Kile kidogo hutangulia, kikiwa kimeshampakia mchukuzi mmoja: RNA iliyopinda mfano wa herufi L, ncha moja imebeba metionini, ncha ya pili ina herufi tatu zinazooana na AUG, neno la kuanzia la ujumbe. Katika seli za binadamu, kipande hicho hushika mwanzo wa ujumbe, kikatambaa herufi baada ya herufi mpaka mchukuzi aipate AUG yake na kunasa. Marilyn Kozak wa Marekani ndiye aliyeueleza mwendo huo, mwaka 1978. Hapo protini saidizi zilizokisindikiza huachia, na kipande kikubwa huja kufunga juu. Subira ya kile kikubwa ndiyo inayonishika moyo: hakigusi kazi kabla mahali hapajathibitishwa.

Bakteria wana njia yao. Kipande chao kidogo hutambua herufi chache zilizo kabla kidogo ya AUG, kama walivyoonyesha John Shine na Lynn Dalgarno huko Australia mwaka 1974.

Mchukuzi wa kwanza ana heshima yake. Ribosomu ina vyumba vitatu; wenzake wote huingilia cha kwanza, yeye peke yake huanzia cha kati. Bila yeye, wa pili hana wa kuunganishwa naye.

Na mara nyingi metionini hiyo hukatwa na kimeng'enya, ikaondoka. Mnyororo wa beta wa himoglobini yetu, ukikamilika, una asidi amino 146, na ya kwanza ni valini. Ndiyo maana badiliko linaloleta selimundu limezoeleka kuhesabiwa nafasi ya 6, ingawa ukihesabu tangu AUG ni ya 7.