Ufundi wa Kupima Pumzi

Mwili wa binadamu huunguza chakula. Wanga, mafuta na protini hukutana na oksijeni ndani ya seli, nishati ikatoka, na mabaki makuu yakawa maji na hewa ukaa. Oksijeni haina ghala kubwa mwilini, hivyo ile inayoingia kwa pumzi ndiyo inayotumika papo hapo. Anayejua kiasi cha oksijeni kilichotumiwa na mwili na hewa ukaa iliyotoka anaweza kukokotoa joto lililozalishwa bila kuligusa joto lenyewe. Kipimo hicho huitwa kalorimetria isiyo ya moja kwa moja, na ni miongoni mwa kazi za hospitali zinazodai uvumilivu mwingi na kupata sifa chache.

Mzizi wake uko Paris. Katika miaka ya 1780, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walimweka simbilisi katika chombo kilichozungukwa na barafu, wakapima barafu iliyoyeyuka, kisha wakailinganisha na hewa aliyoitoa mnyama huyo. Wakahitimisha kwamba kupumua ni kuungua kwa polepole. Mwaka 1911 Claude Douglas wa Oxford alieleza mfuko wa kukusanyia pumzi ya mtu anayetembea, na mwaka 1949 J. B. de V. Weir akatoa kanuni ambayo bado inatumika: kila lita ya oksijeni iliyotumika huzidishwa kwa 3.94, kila lita ya hewa ukaa kwa 1.11, na jumla yake ni kilokalori. Mgonjwa anayetumia mililita 250 za oksijeni kwa dakika na kutoa mililita 200 za hewa ukaa anaunguza kilokalori 1,740 hivi kwa siku.

Hesabu ni nyepesi. Ugumu uko katika kupata namba zinazostahili kuingizwa humo. Mgonjwa anayejipumulia hulala kwa utulivu nusu saa kabla ya kipimo, hajala kwa saa kadhaa, hasikii baridi wala joto, na kichwa chake hufunikwa kwa kuba la plastiki linaloonyesha. Mashine nayo huandaliwa: huachwa ipate joto, kisha husawazishwa kwa gesi ambayo mchanganyiko wake unajulikana. Mafundi makini huongeza jaribio moja la kupendeza. Huwasha spiriti ndani ya mfumo na kuiacha mashine ipime moshi wake. Ethanoli ikiungua sawasawa hutoa molekuli mbili za hewa ukaa kwa kila tatu za oksijeni, kwa hiyo uwiano lazima usome 0.67. Kemia haina upendeleo. Ikisomeka vinginevyo, mashine ndiyo yenye kosa.

Uwiano huohuo ndio unaozungumza juu ya mgonjwa. Anayeunguza wanga pekee hukaribia 1.0, anayeunguza mafuta pekee hushuka hadi 0.7, na walio wengi hukaa katikati. Ukipita 1.0 kwa muda mrefu, huenda analishwa kupita kiasi na mwili unageuza wanga kuwa mafuta. Ukisoma 0.5, fundi hamwazii mgonjwa kwanza; anatafuta mrija unaovuja. Dakika za mwanzo hutupwa, kisha husubiriwa dakika tano ambazo namba hazitikisiki kwa zaidi ya asilimia 10. Kwa mgonjwa mahututi mitego huongezeka: oksijeni ya mashine ya kupumulia ikizidi asilimia 60, makosa madogo ya kipimo hukua, na hewa inayotoroka kwa mrija wa kifuani huharibu kila kitu. Kujua siku ya kutopima nako ni sehemu ya ufundi.

Kwa nini taabu yote hiyo, ilhali zipo kanuni za kukadiria kwa uzito, urefu, umri na jinsia? Kanuni ya Harris na Benedict ya mwaka 1919 ilitokana na watu wazima wenye afya nchini Marekani. Homa na majeraha ya moto hupandisha matumizi ya nishati, dawa za usingizi huyashusha, na njaa ya muda mrefu huufundisha mwili kubana. Mtoto mwenye utapiamlo mkali akilishwa kwa pupa anaweza kufa kwa moyo kushindwa. Ndiyo maana maziwa ya F-75, yenye kilokalori 75 kwa mililita 100, hutangulia yale ya F-100, yenye nguvu zaidi. Mwongozo wa Ulaya wa lishe ya wagonjwa mahututi wa mwaka 2019 unapendekeza kipimo cha pumzi kwa mgonjwa aliye kwenye mashine, si makadirio.

Afrika Mashariki imewahi kutoa matokeo yaliyoishangaza dunia kwa njia hiihii. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya oksijeni vya wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu waliobeba mizigo kwa kichwa. Mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuongeza matumizi yao ya nishati hata kidogo. Hakuna kanuni ya vitabuni ambayo ingelitabiri hilo. Ilibidi wapimwe.

Wala si pumzi ya watu pekee inayopimwa. Huko Yangambi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kilomita 100 hivi magharibi ya Kisangani kando ya mto Kongo, inayopimwa ni ya msitu. Kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanza mwaka 1933, leo chini ya INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, kina jirani mpya tangu 2020: mnara wa CongoFlux, wenye urefu wa mita 55, uliojengwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Ghent. Juu yake vyombo husoma upepo na hewa ukaa mara nyingi kwa sekunde. Mchana miti huvuta hewa ukaa. Usiku msitu mzima huitoa, kama mgonjwa kitandani. Mitego nayo inafanana. Usiku usio na upepo hewa ukaa hujikusanya chini ya matawi, mnara ukasoma pungufu, na data hiyo lazima ichujwe.

Vifaa vya hospitali vya kupima pumzi ni ghali, lakini mkono wa kuvisawazisha hauuzwi pamoja navyo. Mkono huo tayari unafanya kazi Tshopo, mkoa wenye Kisangani na Yangambi. Chuo Kikuu cha Kisangani kina kitivo cha tiba, Yangambi ina mnara. Walimu wa pande hizo mbili na wakae meza moja, wauguzi wajifunze kuchambua gesi kwa wale wanaoichambua kila siku, ili mashine ya kwanza itakapofika katika wodi ya Kisangani imkute mtu wa kuiendesha.