Tonge la Udongo na Ungo wa Maharagwe

Ukitaka kumjua mwalimu hodari wa chekechea huko Embu au Meru nchini Kenya, fika shuleni kabla ya watoto. Utamkuta ameinamia ungo, anachambua maharagwe. Katika ungo wa kwanza anaacha maharagwe ya rangi moja, makubwa kwa madogo. Katika wa pili anaweka yenye ukubwa unaokaribiana lakini rangi mbalimbali: rosekoko yenye madoadoa, njahi nyeusi zenye ukingo mweupe. Hachanganyi nyungo hizo mbili. Mtoto wa miaka minne akimwagiwa mbele yake vitu vinavyotofautiana kwa ukubwa, rangi na umbo kwa mpigo mmoja, hutapatapa. Akipewa tofauti moja tu, huigundua mwenyewe, na alichokigundua kwa mkono wake hakimtoki.

Friedrich Froebel, Mjerumani aliyefungua shule yake ya watoto wadogo mjini Bad Blankenburg mwaka 1837, alifuata kanuni hiyo hiyo kwa mipira ya sufu na vitalu vya mbao. Alimpa mtoto kifaa kimoja, kisha kingine kilichobadilika kidogo tu. Mwalimu wa Runyenjes au Nkubu huifikia kanuni hiyo kwa maharagwe ya soko la juzi, na kazi yake haipungui thamani kwa sababu vifaa vimetoka jikoni.

Tazama pia anachokitupa. Kando ya njia na nyuma ya boma hukua mbarika, mmea wenye mbegu za kupendeza, zinazong'aa na zenye michirizi. Mtoto yeyote angezitamani, na kwa jicho la haraka zinafanana na maharagwe. Zina sumu kali. Hali kadhalika mbegu nyekundu zenye doa jeusi za mturituri, ambazo watu huzitunga kuwa shanga. Mwalimu anayejua kazi yake huzijua mbegu hizi moja moja, na hazikaribishi mezani hata zikiletwa na mtoto mwenye furaha ya kuziokota. Punje ndogo zinazoweza kuingia puani huziweka kwa ajili ya watoto wakubwa kidogo. Elimu hii ya mimea haionekani katika somo lenyewe. Imekwisha kufanya kazi yake kabla kengele haijalia.

Sehemu chache nchini zimebarikiwa vifaa kama miteremko hii ya mashariki ya Mlima Kenya. Ukianzia juu Manyatta, penye majani ya chai na ukungu wa Julai, ukashuka kwenye mibuni na migomba ya Runyenjes, ukafika Mbeere penye mtama, ndengu na katani, umepita katika hali za hewa kadhaa kwa safari fupi ya matatu. Upande wa Meru hali ni hiyo hiyo, kuanzia msitu wa Imenti na milima ya Nyambene hadi nyanda kavu zinazoelekea Tharaka. Mwalimu wa Manyatta hawezi kunakili meza ya mwenzake wa Siakago kule Mbeere. Wa Manyatta ana maganda ya makadamia na magome ya mgomba, wa Siakago ana nyuzi za katani na vibuyu. Kila mmoja lazima asome ardhi aliyokanyaga.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika kote nchini Januari 2019, unampa nafasi ya kufanya hivyo. Miaka miwili ya awali, PP1 na PP2, ni ya watoto wa miaka minne na mitano. Shughuli za mazingira na za ubunifu zimo ndani yake, na kila kipindi ni cha dakika 30. Lakini ufundi wenyewe ni wa zamani kuliko mtaala huu. Mradi wa elimu ya chekechea ulianza katika Taasisi ya Elimu ya Kenya mwaka 1971, ukisaidiwa na Wakfu wa Bernard van Leer. Kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE, kikaundwa mwaka 1984, na mwaka uliofuata vikaanza vituo vya wilaya vya kuwafunza walimu. Hapo ndipo walimu walipoketi pamoja kutengeneza vifaa kwa magunzi, vifuniko vya soda na vipande vya nguo. Mwaka 2001 Wakfu huo ulichapisha utafiti wa Anne Njenga na Margaret Kabiru kuhusu watoto wa Embu. Watafiti hao waliwafuatilia watoto waliopitia kwa walimu wa chekechea waliopata mafunzo na wale ambao walimu wao hawakuyapata. Kuuliza tu kama mkono wa mwalimu wa chekechea bado unaonekana mtoto akiwa shule ya msingi ni heshima ambayo kazi hii ilistahili siku nyingi.

Mkono huo huonekana vizuri zaidi kwenye udongo. Udongo wa kufinyanga hauchotwi popote. Mwalimu hushuka bondeni, karibu na kijito au kinamasi, akatwaa kiasi, akakiviringisha kiwe kama mkia wa panya, kisha akakizungusha kwenye kidole. Kikipasuka, kina mchanga mwingi, anasogea mbele. Kikijikunja bila ufa, anachimba. Nyumbani huuloweka ndani ya ndoo usiku kucha, akauchuja, akatoa mizizi, changarawe na kila chenye ncha. Kisha huukanda kwa kisigino cha kiganja mpaka uache kushika vidole, akaufunga ndani ya jani la mgomba au mfuko ili usikauke. Wanawake wafinyanzi wa Mbeere waliijua kazi hii vizazi vingi kabla ya kuwepo darasa lolote, na bibi wa kijiji anayeikumbuka ni mwalimu wa mwalimu.

Darasani, kila mtoto hupewa tonge linaloenea katika kiganja chake. Mwanzoni wanalipiga, wanalichana, wanalinusa. Mwalimu hasemi kitu. Baadaye kidogo huyu amebonyeza kwa kidole gumba, kikombe kimetokea, na yule ana donge lenye miguu sita.

“Ni ng'ombe, Mwalimu.”

“Anakula wapi?”

Mtoto anafikiri. Nyumbani kwao, kama kwa majirani wengi, ng'ombe hafugwi malishoni. Amefungiwa bandani na huletewa majani ya nepia. Basi anakata kipande kingine cha udongo, anakibonyeza katikati, anakiweka mbele ya ng'ombe. Hori limepatikana. Anatoka nje kuchuma majani, anayakatakata kwa vidole na kuyajaza humo.

Katika mazungumzo hayo mafupi yamo mafunzo ya miaka mingi. Mwalimu asiyejua angeuliza “Hii ni nini?” na mtoto angesikia kwamba kazi yake haieleweki. Mwalimu huyo angehesabu miguu, au angetwaa donge akaonyesha ng'ombe “anavyotakiwa kuwa”, na kuanzia hapo darasa zima lingefinyanga ng'ombe wa mwalimu. Swali la chakula limemrudisha mtoto kwenye banda la kwao, akaongeza alichokijua bila kusahihishwa. Kuizuia mikono isirekebishe ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na ndiyo inayomtambulisha bingwa. Kazi zikikauka kivulini, mwalimu huomba ruhusa ya mwenyewe kabla ya kurudisha udongo ndooni. Asiyekubali huachiwa ng'ombe wake rafuni.

Ufundi wa pili ni kuyaunganisha mambo. Mvua za Machi zikianza, majongoo hutokea njiani. Mwalimu humtembeza mmoja kwa kijiti, kwa sababu anajua majimaji yake huwasha ngozi na macho, na watoto huchuchumaa kumzunguka. Anaguswa kidogo, anajiviringa. Wanasubiri mpaka ajikunjue. Hawafundishwi neno lolote dakika hizo, wanatazama tu. Wakirudi uwanjani wanashikana mikono katika mstari na kujiviringa kama jongoo, wa mwisho akikimbia na wa kwanza akisimama pale pale katikati. Siku inayofuata udongo unaviringishwa kuwa mkia mrefu na kukunjwa duara. Baadaye wanachora mviringo huo kwa mkaa. Macho, miili, viganja na hatimaye mstari kwenye karatasi vimepita katika umbo moja. Anayeona mchoro pekee ataona mtoto amekoroga. Aliyeifuata safari tangu njiani ataona kitu kilichojulikana barabara.

Karatasi na rangi nazo zina hadithi yao. Pakiti za unga hufunguliwa gundi, zikanyooshwa. Mfuko wa saruji una tabaka kadhaa, na mwalimu hutenga la ndani lililogusa saruji, akatumia yale safi ya nje. Udongo mwekundu wa mlimani, mkaa uliosagwa na masalio ya kahawa hutoa rangi, uji mzito wa ngano ndio gundi, na kijiti kilichopondwa ncha kikawa brashi. Siku ya mvua huingia muziki: mtungi wa plastiki ukawa ngoma, kibuyu chenye punje kikawa manyanga. Wachuka wa Tharaka-Nithi, walio katikati ya Embu na Meru, wanajulikana nchi nzima kwa ngoma zao ndefu zinazobanwa mapajani, kwa hiyo watoto wa hapa si wageni wa mdundo. Mwalimu hupiga haraka, polepole, kisha ghafla hunyamaza, na wote hubaki wameganda. Kusimama huko, mtoto akiuzuia mwili wake unaotaka kuruka, ni somo zito kuliko ngoma yenyewe.

Wazazi wengi hawalioni somo hilo, na hofu yao naielewa, kwani wamelipa karo wakitaka kuona daftari. “Mwalimu, huyu anacheza tu. Ataandika lini?” Jibu zuri nililowahi kusikia lilikuwa fupi: “Mama, mpe kifungo cha sweta afunge mwenyewe, utazame vidole.” Vidole vilivyokanda udongo, vikachambua maharagwe na kupitisha katani kwenye tundu, vimeshapata nguvu na utulivu. Penseli ikifika inakuta mkono ulio tayari. Mtoto aliyelazimishwa kunakili a, e, i, o, u kabla ya hapo huibana penseli mpaka kidole kikageuka cheupe, akachoka ukurasa usijae.

Katiba ya 2010 iliweka elimu ya chekechea mikononi mwa serikali za kaunti. Madarasa mengi yamejengwa tangu hapo, na ni jambo la kushukuru. Lakini darasa ni kuta. Walimu wengi wa chekechea nchini bado hufanya kazi kwa mikataba, na saa wanazotumia kuchuja udongo na kuchambua mbegu hazimo katika ratiba yoyote. Tunawalipa kwa muda wanaokaa na watoto, tunasahau muda unaofanya kukaa huko kuwe na maana. Kaunti za Embu na Meru zinaweza kuanza na mambo madogo: saa ya maandalizi inayotambuliwa rasmi, siku moja kila muhula ya walimu kutengeneza vifaa pamoja na kina bibi wafinyanzi na wasusi wa viondo, na safari ya watoto kwenda Makumbusho ya Meru, yaliyo katika jengo la mwaka 1916, wakaone boma la kale.

Nawe mzazi, jioni usimwulize mwanao ameandika herufi ngapi. Mwulize ametengeneza nini, kisha umwulize kinakula wapi. Na ukikutana na mwalimu wake njiani, mwamkie kama unavyomwamkia fundi anayekujengea nyumba, kwa sababu ndiye anayejenga msingi.